Printa ya bei rahisi, wino wa bei kali: hesabu ya kufanya kabla ya kununua

Malalamiko ni yale yale. Mtu amenunua printa kwa bei ya kutupa, amechapa kazi za shule za watoto, fomu mbili tatu na picha moja ya ukumbusho, mara taa ya wino inawaka. Akiulizia katriji mpya anashika kiuno: nyeusi na ya rangi kwa pamoja zinakaribia bei ya printa yenyewe. Hapo nadharia huanza. Yupo anayesema printa hizi zimetegwa ziharibike, yupo anayeshauri uitupe kila wino unapoisha na kununua nyingine, na yupo anayejaza wino kwa sindano na kuapa kuwa hakuna tofauti. Katika maneno hayo yamo ya kweli, yamo ya nusu kweli, na yamo yanayoua printa nzima kwa kuokoa wino wa siku mbili.

Majina kwanza

Nusu ya mkanganyiko hutokana na kuita vitu vitatu tofauti kwa jina moja.

Printa ya wino hurusha matone madogo mno ya wino wa majimaji kwenye karatasi, kupitia matundu membamba kuliko unywele. Sehemu yenye matundu hayo ni kichwa cha kuchapia, kile kinachokwenda kushoto na kulia printa inapofanya kazi. Wino wenyewe unaweza kukaa ndani ya katriji, yaani kijisanduku cha plastiki kinachochomekwa na kuchomolewa, au ndani ya matangi yanayojazwa kwa chupa. Hizo ni aina mbili: printa ya katriji na printa ya matangi.

Ya tatu ni leza, nayo haina wino kabisa. Inatumia tona, unga laini wa plastiki yenye rangi. Chaji ya umeme huuvuta unga huo hadi kwenye dramu, yaani silinda inayozunguka, dramu inaushusha kwenye karatasi, kisha rola yenye moto unaokaribia nyuzi 200 inauyeyusha ushike. Ndiyo maana karatasi ya leza hutoka na uvuguvugu kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Leza za rangi zipo, lakini hubeba tona nne badala ya moja, na kwa nyumba nyingi mzigo huo hauna faida. Hapa tukisema leza tuna maana ya leza ya nyeusi tupu.

Taa ya bure, mafuta ya kununua

Mtu akikupa taa bure, mtazame vizuri: huenda yeye ndiye muuza mafuta. Biashara ya printa ndogo za katriji imejengwa hivyo. Mashine inauzwa kwa faida finyu, kampuni ikijua kwamba fedha yake itarudi kupitia katriji kwa miaka yote utakayoitumia. Printa ya matangi imeugeuza mpango huo. Mashine unailipia bei yake siku ya kwanza, kisha wino unauziwa rahisi. Epson ilianza kuuza printa za aina hii nchini Indonesia mwaka 2010, na baadaye Canon, Brother na HP zikaleta za kwao.

Ukitaka kuona mpango huu kwa macho, pima mililita. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 305 ina mililita 2 za wino; hata nusu ya kijiko cha chai haifiki. Kampuni inaihesabia kurasa 120. Chupa nyeusi ya Epson 664 ina mililita 70 na inahesabiwa kurasa 4,000. Piga hesabu: zote mbili zinachapa takriban kurasa 60 kwa kila mililita. Kwa hiyo printa ya katriji haina kiu kuliko ya matangi, kama wengi wanavyodhani. Ulaji ni ule ule. Kinachotofautiana ni bei ya kila mililita na ukubwa wa chombo inamouzwa.

Ipo sababu moja ya haki inayopandisha bei ya katriji. Kwenye printa nyingi ndogo za HP na Canon, kichwa cha kuchapia kiko ndani ya katriji yenyewe: kile kibati cha rangi ya shaba unachoona chini yake. Kila unaponunua wino unanunua na kichwa kipya. Ni gharama, lakini pia ni bima, kwa sababu matundu yakiziba kabisa unabadilisha katriji na printa inafufuka. Kwa Epson na Brother kichwa kimefungwa ndani ya mashine, na kikifa ni kazi ya fundi, mara nyingi kwa gharama inayokaribia kununua printa nyingine. Printa za matangi za Canon na HP ziko katikati: wino wa chupa, lakini vichwa vyake vinaweza kuchomolewa na kubadilishwa na mtumiaji.

Zile kurasa zilizoandikwa kwenye kasha

Namba ya kurasa iliyoandikwa kwenye kasha la wino si ya kubuni. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO/IEC 24711 kwa wino na ISO/IEC 19752 kwa tona nyeusi. Maabara huchapa kurasa zile zile za majaribio mfululizo mpaka wino uishe, kisha wanahesabu. Tatizo ni kwamba kurasa hizo zina wino kidogo, takriban asilimia 5 ya eneo la karatasi kwa kila rangi.

Asilimia 5 ni kiasi gani? Chukua karatasi ya A4, yenye urefu wa sentimita 29.7. Kusanya herufi zote zilizo juu yake uzisukume hadi ukingoni zigeuke ukanda mmoja mweusi. Ukanda huo utakuwa na upana wa sentimita moja na nusu tu. Hiyo ni kama barua fupi yenye nafasi nyingi nyeupe. Mtihani uliojaa maandishi utazidi hapo, na picha inayofunika karatasi nzima inaweza kula wino wa kurasa kumi na zaidi kwa mkupuo.

Jambo la pili ni neno "mfululizo". Maabara haizimi printa siku nne, ikawasha, ikachapa ukurasa mmoja, ikazima tena. Wewe unafanya hivyo, na kila printa inapoamka baada ya kulala kwa muda inaweza kutumia wino kusafisha matundu yake kabla haijachapa hata herufi moja. Mtu anayechapa ukurasa mmoja kila wiki anaweza kumwaga wino mwingi kwenye usafishaji kuliko kwenye karatasi. Hajaibiwa, ndivyo printa ya wino inavyojilinda isikauke. Lakini anayepata kurasa 70 badala ya 120 ana haki ya kujua zilikokwenda.

Na katriji au tona inayokuja ndani ya boksi la printa mpya? Mara nyingi ni ya kuanzia, iliyojazwa nusu au chini ya hapo. Kwa leza ni kawaida kukuta tona ya kurasa 500 au 700 wakati ya dukani ni 1,000 au 1,600. Hapo ndipo ushauri wa kutupa printa na kununua nyingine unapoanguka: unalipa bei ya mashine nzima ili upate wino pungufu. Printa za matangi ni tofauti kidogo. Nyingi huja na chupa zilizojaa, ila seti ya kwanza hutoa kurasa chache kuliko zitakazofuata, kwa sababu sehemu ya wino hubaki ikijaza mirija inayotoka kwenye tangi hadi kwenye kichwa. Wino huo haujapotea, umehamia ndani ya mashine.

Hesabu yenyewe

Gharama ya ukurasa ni bei ya wino ukigawanya kwa kurasa zake. Basi. Hesabu hii inachukua nusu dakika, na ajabu ni kwamba watu wanalinganisha printa saa nzima bila kuifanya.

Tuweke mfano wa namba tupu, bila sarafu. Bei halisi utaziingiza mwenyewe. Printa ya katriji inauzwa 100, na katriji yake nyeusi ni 25 kwa kurasa 120. Kila ukurasa unagharimu 0.21. Printa ya matangi ni 280, na chupa yake nyeusi ni 12 kwa kurasa 4,000: kila ukurasa 0.003. Leza ni 220, tona yake ni 60 kwa kurasa 1,600: kila ukurasa chini kidogo ya 0.04.

Printa ya matangi ni ghali kwa 180 kuliko ya katriji, lakini kila ukurasa unaokoa takriban 0.205. Gawanya 180 kwa 0.205 na unapata karibu kurasa 880. Kabla ya hapo ya katriji ndiyo iliyokuwa rahisi. Baada ya hapo kila ukurasa unaochapa nayo ni hasara. Leza inaipita ya katriji mapema kidogo, karibu kurasa 700.

Sasa zigeuze kurasa kuwa muda. Anayechapa kurasa 5 kwa siku anafika 880 ndani ya miezi sita. Anayechapa kurasa 5 kwa wiki anahitaji zaidi ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo mitatu mengine yanaweza kutokea, hasa kukauka. Anayechapa kurasa 5 kwa mwezi asinunue printa kabisa. Faili lake likae kwenye simu, alipie nakala anapohitaji. Ushauri huu hauwafurahishi wauzaji, lakini hesabu iko wazi.

Unakaa siku ngapi bila kuchapa?

Hili ndilo swali ambalo watu hawajiulizi, nalo lina uzito kuliko idadi ya kurasa. Wino ni maji yenye rangi, na maji hukauka. Tona ni unga, haina cha kukauka. Leza ikikaa miezi minne bila kuguswa, ukiiwasha inachapa ukurasa wa kwanza vizuri kama wa mwisho.

Kwa hiyo, ikiwa unachapa maandishi tu, tena kwa vipindi, leo kurasa 40 kisha kimya mpaka muhula ujao, leza ndiyo yako hata kama ukurasa wake ni ghali kuliko wa matangi. Ikiwa nyumba inachapa kila wiki, ina watoto wa shule wenye michoro na ramani za rangi, au kuna biashara ndogo ya vipeperushi, matangi yanashinda na hayana mpinzani. Printa ya katriji inabaki na nafasi nyembamba: mtu mwenye fedha kidogo mkononi leo, anayehitaji rangi, anayechapa kidogo lakini kila wiki. Anayenunua printa ya matangi akaiacha miezi mitatu kabatini amelipia akiba ambayo hataiona.

Anayetaka picha za kufungia kwenye fremu ajue leza haimfai. Karatasi ya picha ya kawaida imetengenezwa kwa wino, na ukiiingiza kwenye leza moto unaweza kuyeyusha tabaka lake la juu likagandia kwenye rola.

Kuna na umeme. Printa ya wino inapochapa hutumia takriban wati 10 hadi 20, kama balbu moja. Leza hupasha rola moto, na kwa sekunde chache huvuta wati mia kadhaa, nyingine hadi karibu 1,000. Usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta wala kwenye inveta ndogo ya sola. Kifaa hicho kitazima au kuungua. Mahali ambapo umeme unakatika katikati ya kazi, leza hukwama na karatasi nusu iliyoyeyushwa ndani yake, ingawa kuitoa si kazi kubwa: subiri ipoe, fungua mlango, vuta polepole kuelekea upande karatasi inakokwenda.

Kabla ya kulipa

Uliza wino kabla ya kuuliza printa. Je, katriji, chupa au tona ya modeli hii inapatikana karibu na wewe, kwa namba gani, na ina kurasa ngapi? Printa nzuri ambayo wino wake unaagizwa kutoka mbali ni samani. Angalia pia kama tona na dramu ni kitu kimoja au viwili. Kwa HP 85A, yenye kurasa 1,600, vyote viko pamoja. Kwa Brother nyingi dramu inakaa peke yake na hubadilishwa baada ya tona kadhaa, kwa hiyo iweke kwenye hesabu.

Printa ndogo nyingi hushika Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz tu. Ruta ikiwa imeunganisha 2.4 na 5 kwa jina moja, printa inaweza kugoma kuunganishwa na mtu akadhani ni mbovu. Zipe majina mawili, iunganishe kwenye 2.4, yameisha. Waya wa USB mara nyingi haumo ndani ya boksi. Kuchapa pande mbili kwa kujiendesha yenyewe ni kitu cha kulipia zaidi kidogo, maana kinapunguza karatasi kwa nusu. Kasi ya kurasa kwa dakika, ambayo ndiyo inayopigiwa kelele kwenye tangazo, nyumbani haina maana kubwa.

Kwa printa iliyotumika, chapa ukurasa wa taarifa kutoka kwenye menyu yake. Nyingi huonyesha jumla ya kurasa zilizokwisha kuchapwa. Leza ya ofisini iliyotumika mara nyingi ni nunuo zuri. Printa ya wino iliyokaa muda bila kuwashwa ni bahati nasibu: usitoe fedha kabla hujaona rangi zote nne zikitoka kwenye karatasi.

Kufuli za wino, na wino wa "kampuni nyingine"

Katriji nyingi zina chipu ndogo inayoieleza printa mimi ni nani na nimebakiwa na nini. HP ina mfumo unaoitwa Dynamic Security, unaoweza kukataa katriji zenye chipu isiyo ya HP, na sasisho la programu ya ndani ya printa linaweza kuifanya katriji iliyokuwa ikifanya kazi jana igome leo. Baadhi ya modeli za HP ambazo namba yake inaishia na herufi "e" huja na mpango wa HP+. Ukiukubali wakati wa kufunga printa, umeahidi kutumia wino wa HP pekee na kuiacha printa kwenye intaneti, na hakuna kurudi nyuma. Soma kabla ya kubonyeza ndiyo.

Kuna pia huduma ya kulipia kurasa kwa mwezi, kama Instant Ink ya HP katika nchi inakopatikana. Hapo hulipii wino, unalipia ukurasa, na ukurasa wenye mstari mmoja ni sawa na ukurasa wa picha iliyojaa. Inamfaa anayechapa picha nyingi. Anayechapa risiti na barua anamlipia mwenzake. Ukijitoa, katriji za huduma hiyo huacha kufanya kazi hata zikiwa na wino.

Kisheria, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2017, katika kesi ya Lexmark na Impression Products, kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi kutumia hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, kumzuia mtu kuijaza tena na kuiuza. Lakini mahakama haikuitoa chipu.

Je, wino usio wa kampuni unaharibu printa? Jibu la kweli ni kwamba inategemea wino na inategemea kichwa kiko wapi. Wino wa rangi iliyoyeyuka, kama sukari kwenye maji, ni tofauti na wino wenye chembe zinazoelea, kama tope laini. Printa nyingi hutumia wa chembe kwa nyeusi, ili maandishi yasienee yakilowa, na wa kuyeyuka kwa rangi nyingine. Ukimimina wa chembe kwenye tangi lililotengenezewa wa kuyeyuka, chembe zinatuama na kuziba matundu. Hilo ndilo kosa linaloua printa nyingi zilizojazwa kwa sindano, wala si laana ya kampuni. Ukiwa na katriji yenye kichwa ndani, hatari ni ndogo: ikiharibika, imeharibika katriji. Kwa printa ambayo kichwa kimefungwa ndani, na chupa halisi tayari ni rahisi, kununua wino usiojulikana ni kuhatarisha ng'ombe kwa kuokoa kamba. Kwa tona za leza, mbadala zilizotengenezwa vizuri hufanya kazi. Mbovu utazijua kwa unga uliomwagika ndani na kivuli cha kijivu kwenye karatasi.

Kubana wino kila siku

Kwenye mipangilio ya kuchapa tafuta sehemu ya ubora na uweke "Draft" iwe ndiyo ya kawaida. Maandishi yanafifia kidogo lakini yanasomeka, na akiba ni kubwa. Ubora wa juu uuite unapouhitaji.

Kwa nyeusi, hapa pana mtego. Kuchagua "Grayscale" hakuhakikishi kwamba rangi hazitumiki. Printa nyingine huchanganya rangi tatu ili kupata kijivu kizuri. Palipo na chaguo la "Black ink only", chagua hilo. Vilevile ukiiambia printa kuwa umeweka karatasi ya picha wakati ni ya kawaida, inaweza kuacha wino mweusi wa chembe na kutengeneza nyeusi kwa kuchanganya rangi, huku ikimwaga wino mwingi zaidi. Aina ya karatasi isiwe ya kubahatisha.

Kuchapa kurasa mbili kwenye upande mmoja wa karatasi hupunguza zaidi ya karatasi. Kila ukurasa unapungua hadi nusu ya eneo lake, na herufi nazo pia, kwa hiyo wino wa kila ukurasa unakaribia nusu. Fonti nayo inachangia. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Wisconsin–Green Bay, Marekani, kiliacha Arial kikahamia Century Gothic kwa sababu mistari yake ni myembamba na hutumia wino pungufu kwa takriban asilimia 30. Ila Century Gothic ni pana, na waraka wa ukurasa mmoja unaweza kumwagikia wa pili. Kwa waraka mrefu Garamond au Times New Roman ni salama zaidi.

Tovuti zenye mandharinyuma meusi zizimie picha za mandharinyuma kwenye dirisha la kuchapa, na chagua kurasa unazotaka tu. Ukurasa wa mwisho wenye anwani ya tovuti na mstari mmoja wa tangazo hauna kazi.

Onyo la wino kupungua ni makadirio. Kwa katriji na tona, endelea mpaka uone maandishi yanafifia. Tona ikififia itoe, itikise taratibu kushoto na kulia mara tano sita, irudishe. Mara nyingi utapata kurasa kadhaa zaidi. Kwa matangi usifanye ukaidi huo. Mstari wa chini umewekwa kwa sababu: wino ukishuka chini yake, hewa huingia kwenye mirija, na kuitoa kunaweza kula wino kuliko ule uliotaka kuumaliza. Katriji zenye kichwa ndani nazo zisilazimishwe zikiwa kavu kabisa. Hurusha matone kwa kuyachemsha, na wino huo huo ndio unaopoza vipashio.

Kwa nini printa nyingine hukataa kuchapa nyeusi eti njano imeisha? Zenye kichwa kilichofungwa ndani zinazuia hewa isiingie kwenye matundu ya njano. Kwenye printa za HP za katriji mbili kuna njia ya kutokea: chomoa katriji iliyoisha, funga mfuniko, na printa itaendelea na iliyobaki. Na katriji ya rangi tatu katika chombo kimoja ndiyo mbaya zaidi kwa ubadhirifu. Sayani ikiisha, majenta na njano zilizobaki zinatupwa nayo.

Matundu yakiziba

Kinga ni rahisi. Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, au angalau kila wiki mbili. Na zima printa kwa kitufe chake, kamwe usiizime kwa swichi ya ukutani. Ukibonyeza kitufe, kichwa kinarudi pembeni na kufunikwa na mfuniko wa mpira unaozuia hewa. Ukikata umeme kikiwa njiani, kinabaki wazi kikikauka, na printa ikiamka inaweza kujisafisha kwa wino wako.

Mistari ikikatika kwenye maandishi, usikimbilie kusafisha. Kwanza chapa kipimo cha matundu, kinachoandikwa "Nozzle Check" kwenye menyu, uone rangi gani ina mapengo. Ikiwa hakuna pengo, tatizo ni karatasi au mpangilio, na kusafisha kutakuwa kumwaga wino bure. Ikiwa yapo, safisha mara moja, pima tena. Baada ya mara tatu bila nafuu, acha. Iache printa kwa muda wa saa 12 bila kuchapa. Wino uliogandia hulainika wenyewe, na viputo vya hewa hupanda. Pima tena, safisha mara moja. Usafishaji wa kina ni wa mwisho, na matangi yasiwe chini ya theluthi moja, kwa sababu huvuta wino mwingi kwa pamoja.

Katriji yenye kichwa ndani ina njia fupi. Lowesha kitambaa kisichoacha nyuzi kwa maji ya uvuguvugu yaliyochujwa kwa mvuke, weka uso wa matundu juu yake kwa dakika moja, kisha kandamiza kwenye sehemu kavu mpaka rangi zitoke alama safi. Usisugue, na usiguse vibati vya shaba kwa vidole.

Pale wino uliosafishia unakokwenda

Wino wote unaotumika kusafisha hukusanywa ndani ya printa, kwenye sponji nene chini ya mashine. Printa huhesabu kiasi kilichoingia, na hesabu ikifika kikomo inasimama. Kwenye Canon nyingi utaona msimbo 5B00. Kwenye Epson ujumbe kwamba pedi za wino zimefika mwisho. Wengi hudhani printa imekufa, na hapo ndipo nadharia ya kutegwa inapopata nguvu. Kumbe imejaa, kama ndoo. Sponji hubadilishwa na fundi kisha hesabu inarudishwa sifuri. Kurudisha hesabu bila kubadilisha sponji, kwa programu za bure za mtandaoni, huleta mambo mawili: virusi kwenye kompyuta, na wino unaovuja mezani.

Modeli mpya kadhaa za matangi zina kisanduku cha wino chafu kinachotolewa kwa skrubu moja au mbili na kuwekewa kingine. Ukiwa unachagua kati ya modeli mbili zinazokaribiana bei, chukua yenye kisanduku hicho. Na siku ya kuhama, printa ya matangi ibebwe ikiwa imelala sawa, vifuniko vya matangi vimekazwa, ndani ya mfuko wa plastiki. Ikiinamishwa, wino wa tangini na ule wa kwenye sponji unatafuta njia ya kutoka.